Lima mteremko bila kupeleka udongo wako Malindi

Kila mvua fupi zikianza, Oktoba ikielekea kuisha au Novemba, mto Athi unabadilika rangi. Sisi huku Machakos na Makueni tunaona maji mekundu yanapita chini ya daraja, tunasema tu "leo mto umejaa" na tunaendelea na mambo yetu, halafu siku chache baadaye watu wa Malindi wanaanza kulalamika bahari imekuwa kahawia, maana mto ni huohuo, ukishuka chini unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Ile rangi ni udongo. Mwingine umetoka kwa njia za ng'ombe, mwingine kwa barabara za vumbi na kingo za mto zenyewe, na mwingine mwingi tu umetoka kwa mashamba yaliyopigwa plau kabla ya mvua yakaachwa wazi yakisubiri.

Na hii kitu haijaanza juzi. Kuna wanasayansi walichukua tumbawe la huko Malindi lenye umri wa miaka kama 300, wakapima bariamu (aina ya madini) ndani yake, kwa sababu bariamu hufika baharini ikiwa imeshikana na udongo wa mto na tumbawe likikua linaihifadhi mwaka baada ya mwaka. Utafiti huo ulitoka 2007 na ulionyesha udongo uliongezeka sana kuanzia mapema karne ya 20, yaani wakati ule mashamba ya walowezi yanafunguliwa na watu wetu wanabanwa kwenye rizavu, mifugo na binadamu wote kwenye kipande kimoja.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye ekari moja, mbili, hata tano, kwenye mteremko, analima kwa jembe au ng'ombe wa plau au anakodi trakta, sehemu kavukavu kama Ukambani. Kama uko Kisii au milima ya Uluguru kule Morogoro ambako mvua ni nyingi, mengi yatakufaa lakini vipimo vya mitaro vitabadilika, nitakukumbusha tukifika hapo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda. Watu wengi wanaanzia kwa mitaro. Wanachimba fanya juu (mtaro wenye tuta upande wake wa juu) nzuri kabisa, halafu katikati ya mtaro na mtaro wanalima vilevile walivyokuwa wanalima, plau inapanda na kushuka, mabua yote yameenda kwa ng'ombe, na misimu michache mtaro umejaa udongo mpaka mdomoni, hapo ndio unasikia "hii fanya juu haifanyi kazi." Mtaro ni wa kushika kile kilichoponyoka tu, kwa hivyo anza na jinsi unavyolima ndio uje kwa mtaro.

Jembe linafanya nini hasa

Udongo uliolimwa unapata shida tatu tofauti na ni vizuri uzitofautishe kwa sababu dawa zake pia ni tofauti.

Ya kwanza ni tone la mvua. Tone kubwa la mvua ya radi linafika chini kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa, karibu spidi ya bodaboda mtaani. Likigonga udongo ulio wazi linavunja chembe, vumbi laini linaruka, linarudi chini na kuziba vitundu vya udongo, halafu jua likiwaka unaona ukoko umetokea juu. Udongo mwingi wa Ukambani una tabia hii ya kufanya ukoko. Mvua inayofuata inakuta mlango umefungwa, maji hayaingii, yanateremka, na yakiteremka hayaendi peke yake.

Ya pili iko chini ambako huoni. Plau ikipita kina kilekile kila msimu, au jembe, inagandamiza tabaka gumu kama sentimita 10 mpaka 20 kwenda chini. Juu umelegeza kila kitu, chini umeweka sakafu. Maji yanaingia kidogo, yanagonga ile sakafu, udongo wa juu unageuka uji, na uji kwenye mteremko unajua unakoelekea.

Ya tatu watu huisahau kabisa, yaani jembe lenyewe kuvuta udongo chini hata kama mvua haijanyesha tone. Angalia mtu akilima mteremko. Anasimama chini anaangalia juu kwa sababu mgongo hauumi sana ukilima hivyo, na kila akivuta jembe udongo unakuja kwake, yaani chini. Fanya hivyo misimu miwili kwa mwaka, miaka 20, shamba la juu linabaki jekundu au jeupe la changarawe na mahindi yake yanakuwa mafupi, huku chini karibu na ua udongo mweusi umerundikana, na ule uliorundikana chini ndio uko karibu na mto ukingoja mvua kubwa iumalizie safari.

Hesabu ya haraka. Ukipoteza milimita 1 tu ya udongo kwa ekari, hiyo ni mita za ujazo 4, kama tani 5 hivi, lori dogo limejaa. Na milimita 1 huwezi kuiona kwa macho. Ndio maana mtu anaweza kukuapia kwamba shamba lake halimomonyoki kwa sababu halina korongo, kumbe udongo unaondoka kwa utando mwembamba kila mvua, na utando huo ndio wenye samadi yako na fosfeti ya ile mbolea ya DAP uliyonunua kwa bei unayoijua, maana fosfeti hushikana na udongo na udongo ukienda nayo imeenda.

Hatua ya 1: toka na chupa mvua ikinyesha

Kabla hujabadilisha chochote, jua maji yako yanatokea wapi na yamebeba nini. Mvua kubwa ikinyesha vaa kitu, chukua chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zunguka. Jaza moja pale maji ya barabara au ya jirani yanapoingia kwako, nyingine pale yanapotoka, na kama una sehemu yenye nyasi chukua na hapo. Andika kwa kalamu ya kutofutika. Ziweke kwa dirisha mpaka kesho. Mchanga utazama mara moja, tope laini litafuata, na ile rangi ya chai ya maziwa inayobaki juu bila kuzama ni mfinyanzi laini kabisa, ambao ukishaingia mtoni hauzami mpaka maji yatulie kwenye bwawa au baharini.

Ukikuta maji yanaingia masafi yanatoka mekundu, tatizo ni lako. Yakiingia tayari mekundu, anza na hatua ya 7 maana hata ukilima vizuri namna gani maji ya wengine yatakuvurugia. Rudia msimu ujao sehemu zilezile, usiamini kumbukumbu ya kichwa.

Hatua ya 2: pima mteremko

Unahitaji kamba ya mita 10, pimamaji ya fundi na fimbo ndefu yenye alama za sentimita. Mmoja anashika kamba chini kabisa kwa ardhi upande wa juu, mwingine anasimama upande wa chini na fimbo, mnavuta kamba mpaka imelala sawa (hapo ndio pimamaji inaingia, iweke katikati ya kamba, ile ndogo ya kuning'inia ndio nzuri), halafu mnasoma urefu kutoka ardhini mpaka kwa kamba. Ukipata mita 1 kwa mita 10, mteremko ni asilimia 10. Sentimita 50 ni asilimia 5. Pima sehemu tatu nne, shamba halilingani.

Chini ya asilimia 5 unaweza kumaliza kazi kwa kulima vizuri na matandazo (mabua na majani ya kufunika udongo) tu, kuchimba sana ni kujitesa. Kati ya 5 na 20 unahitaji vyote viwili. Juu ya hapo fikiria miti, nyasi za ng'ombe, maembe, parachichi, na ujue kwamba kanuni za matumizi ya ardhi za Kenya za tangu 1965 zilikataza kabisa kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Watu wanalima hata 50, najua, nimeona mahindi yamepandwa mahali hata mbuzi anapita akishikilia.

Hatua ya 3: chora mistari kwa fremu ya A

Miti miwili ya mita 2 hivi, mmoja mfupi wa kukatiza katikati, misumari, uzi na jiwe. Funga iwe herufi A, miguu iachane karibu mita 2, ning'iniza jiwe kutoka kwa kichwa uzi upite mbele ya mti wa katikati.

Sasa sehemu ambayo ukiikosea kazi yote imeharibika, kuisawazisha. Simamisha fremu, weka alama pale miguu ilipokanyaga, na kwa mti wa katikati weka alama pale uzi umegusa. Geuza fremu, mguu wa kulia ukanyage pale pa kushoto na wa kushoto pale pa kulia, weka alama nyingine. Katikati ya zile alama mbili ndio usawa wenyewe. Usidhani katikati ya mti ndio usawa, miti yetu haijanyooka.

Anza juu ya shamba. Mguu mmoja kwa kigingi, zungusha mwingine mpaka uzi uguse alama ya usawa, weka kigingi, endelea. Ukimaliza mstari simama mbali uuangalie, utaona umepindapinda, sawazisha vigingi vichache kwa macho ili ng'ombe waweze kuufuata, lakini usiunyooshe kama rula kwa sababu unataka shamba lipendeze. Mistari hii ndio itakuongoza kwa kulima, kupanda, kuchimba na kupanda nyasi, kwa hivyo ikikula siku nzima usinung'unike.

Hatua ya 4: badilisha kulima kwenyewe

Hapa ndipo kazi iko.

Kama huwezi kubadilisha kitu kingine chochote mwaka huu, badilisha upande tu. Lima na upande kwa kufuata zile alama, kukatiza mteremko. Mfereji wa plau unaoshuka ni bomba la maji, mfereji uleule ukilala kwa kontua, yaani kwa mstari wa usawa unaokatiza mteremko, ni bwawa dogo. Kama unalima kwa jembe, simama juu uangalie chini uvute udongo uje juu, au lima ukitembea pembeni ya mteremko. Mgongo utalalamika siku za kwanza. Ukimkodi mtu wa plau au wa trakta mwambie kabla hajaingia na usimame naye, kwa sababu yeye analipwa kwa ekari na kushuka na kupanda ni haraka kwake, akishaondoka ni wewe na mvua.

Ukiweza zaidi, acha kugeuza shamba zima. Mahindi hayahitaji kila inchi ya shamba ipinduliwe, yanahitaji pale yanapomea pawe laini na maji yaingie. Njia ziko kadhaa.

Wenye ng'ombe, tafuteni ripa. Ile inayojulikana sana ni ya Magoye, jina ni la mahali huko Zambia, inafungwa kwa fremu ya plau ya kawaida mkishatoa ubao wa plau. Inachana mstari mmoja mwembamba bila kupindua udongo, mistari iachane sentimita 75 mpaka 90, na katikati hamgusi kitu. Fanyeni kiangazi, Agosti au Septemba, wakati udongo ni mkavu, kwa sababu ule ugumu wa chini ukiwa mkavu unapasuka na ukiwa na maji ripa inaukata tu kama kisu na kuupaka. Ng'ombe wenyewe kiangazi wamekonda, huo ndio ukweli, kwa hivyo anza asubuhi sana na upite mara mbili kwa mstari uleule, mara ya kwanza juujuu, mara ya pili ukienda chini.

Kujua kama una lile tabaka gumu, chukua kipande cha nondo, ngoja udongo uwe na unyevu, sukuma. Ikiingia vizuri halafu igome ghafla sentimita 15 hivi, ndio hiyo. Au ng'oa hindi, ukiona mizizi imeshuka halafu imepinda pembeni huna haja ya nondo.

Wenye jembe tu, chimbeni mashimo ya kupandia badala ya kulima shamba lote. Urefu sentimita 30 hivi, upana wa jembe, kina 15 mpaka 20, sentimita 70 shimo hadi shimo kwa mstari na 90 mstari hadi mstari, samadi mikono miwili kila shimo. Msimu wa kwanza ni kazi ngumu, sidanganyi mtu. Lakini mashimo ni yaleyale mwaka hata mwaka, unayafungua tu, na kazi unaifanya kiangazi wakati huna haraka badala ya wiki ile moja ambayo kijiji kizima kinagombania ng'ombe wa plau. Sehemu kavu zaidi, Kitui huko na Mwingi, watu wanachimba yale makubwa ya tano kwa tisa, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, mahindi matano kwa shimo pakiwa pakavu na tisa pakiwa na mvua.

Kuna pia matuta yaliyofungwa, yaani unapiga matuta kwa kontua halafu kila baada ya mita chache unaziba mfereji kwa kituta kidogo ili maji yakae pale yalipo, ni nzuri kwa mtama na ndengu. Ila hakikisha mistari imelala sawasawa kabisa, tuta moja likipasuka linapasua la chini yake na la chini yake tena, na unaweza kutengeneza korongo kwa mvua moja.

Sasa onyo. Siku hizi kuna watu wanahubiri kutolima kabisa, weka dawa ya magugu, panda, basi. Kwa udongo wetu wa ukoko, kutolima bila matandazo ni kubaya, pengine kubaya kuliko kulima, maana ukoko unabaki umefunga na hakuna kitu cha kuuvunja. Kutolima na kufunika vinaenda pamoja au visiende kabisa. Na hiyo dawa ya magugu usiipige kando ya mto, usioshe pampu mtoni.

Hatua ya 5: funika, na hapa utagombana na ng'ombe wako

Matandazo yanapokea lile tone kabla halijagusa udongo. Kipimo ambacho wataalamu wanakitumia ni asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa siku ya kupanda, na kufika hapo tu kunapunguza upotevu wa udongo zaidi ya nusu ukilinganisha na shamba lililo wazi. Kupima, chukua kamba ya mita 10 yenye mafundo 100, inyooshe kwa mshazari kukatiza mistari, hesabu mafundo mangapi yamelala juu ya bua au jani. Mafundo 30, umefika. Rudia sehemu tatu hivi.

Shida ni kwamba mabua ndio chakula cha ng'ombe kuanzia Julai mpaka mvua zije, na hakuna mtu atamnyima ng'ombe wa maziwa chakula eti anafunika udongo. Watu wa miradi wakija wanaongea kama hilo jambo halipo. Mi naona ufanye hivi: sehemu ya juu ya bua na majani wape ng'ombe, sehemu ya chini ngumu ambayo hata hawamalizi ibaki shambani, umeikata na kuilaza kwa kontua. Ongeza kinachomea. Mbaazi katikati ya mahindi ni rahisi kwetu kwa sababu tayari tunazila, zile za muda mrefu ukizipanda Oktoba zinabaki zimesimama baada ya mahindi kuvunwa, zinadondosha majani kiangazi chote, mizizi inashuka mpaka kwa lile tabaka gumu, na ukivuna unakata shina usiling'oe. Njahi zinafunika vizuri zaidi zikishatambaa, ila zipande wiki tatu nne baada ya mahindi zisije zikayapanda na kuyaangusha. Kunde na ndengu zinafunika kidogo na kwa muda mfupi.

Halafu mifugo ya jirani baada ya mavuno. Kama kwenu ni desturi kila mtu anaachia ng'ombe mashambani, matandazo yako yataliwa usiku mmoja. Hiyo haitatuliwi na seng'enge peke yake, inatatuliwa na kuongea, peleka kwa baraza ya chifu au kwa kikundi, mkubaliane angalau mashamba ya mteremko mkali yasilishwe.

Mengine ya kutarajia: mchwa watakula matandazo, waache, mashimo yao yanaingiza maji. Mahindi yanaweza kuwa ya njano msimu wa kwanza kwa sababu wadudu wadogo wa udongo wanakula naitrojeni wakiozesha mabua, ongeza samadi kidogo shimoni. Magugu misimu ya kwanza yataongezeka, yakwangue juujuu kabla hayajatoa mbegu, usirudi kupindua shamba kwa hasira.

Hatua ya 6: sasa chimba

Fanya juu jina lake linaeleza kazi, unachimba mtaro kwa kontua na udongo unaurusha upande wa juu unakuwa tuta. Upana sentimita 60, kina 60, na kati ya mtaro na tuta acha kama sentimita 20 za kukanyaga ili udongo usirudi ndani. Umbali wa tuta hadi tuta unategemea ule mteremko uliopima: asilimia 5, mita 20 hivi, asilimia 10, mita 13, asilimia 20, kama 10. Juu ya tuta panda nyasi mara moja, makarikari imeshika sana Machakos, nepia pia inafaa ila inanyonya maji na mahindi ya karibu yatakuambia. Udongo utajikusanya nyuma ya tuta mwaka baada ya mwaka na mteremko utageuka ngazi bila wewe kubeba chochote.

Sehemu za mvua nyingi usilaze mtaro usawa kabisa. Upe mwinamo kidogo sana, sentimita 25 mpaka 50 kwa kila mita 100, uelekee kwa njia ya maji yenye nyasi. Na hiyo njia ya maji iwe imeshamea nyasi kabla hujaleta maji, sio baadaye.

Wazee watakwambia matuta yalikuwa adhabu ya mkoloni na hawadanganyi. Miaka ya 1930 maofisa walisema Machakos inageuka jangwa, wakaja na kupunguza ng'ombe kwa lazima, na 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba mpaka Nairobi kupinga, maofisa wakarudi nyuma kuhusu ng'ombe ingawa yeye mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Matuta ya amri watu waliyachukia. Miaka ya 1950 ndio fanya juu ilianza kushika, watu waliichagua wenyewe kwa sababu inabakiza maji shambani na unavuna zaidi, wakachimba kwa mwethya, leo kwa huyu kesho kwa yule, akina mama wakiwa ndio wengi. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara 5 na mmomonyoko ukapungua. Kwa hivyo tafuta kikundi, kazi ya mtaro ya mtu mmoja huishia nusu.

Hatua ya 7: maji ambayo si yako

Kalvati ya barabara inamwaga kwako? Njia ya ng'ombe kwenda mtoni imekuwa handaki? Hizo mbili zinaweza kupeleka udongo mwingi kuliko ekari yako yote. Juu ya shamba chimba mtaro wa kukinga, uongoze maji ya barabara yaingie kwa silanga (bwawa dogo la kuchimba) au kwa migomba na maembe. Njia ya ng'ombe isishuke moja kwa moja, ipinde, na kila mita kadhaa weka mstari wa mawe au magogo ya kutupa maji pembeni kwa nyasi. Korongo lililoanza, anzia juu kichwani kwake: zuia maji yasiingie, ndio uje chini uweke vizuizi vya mawe vilivyo chini katikati na juu pembeni, halafu upande mkonge. Ukiweka mawe bila kuzuia maji ya juu, umetoa mchango wa mawe kwa mto.

Hatua ya 8: kando ya mto

Kenya kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema usilime ndani ya mto wala ukingoni mwake, angalau mita 6 na isizidi 30 kila upande, ukipimia pale mafuriko ya juu kabisa yalipofika. Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Najua hapo ndipo sukuma inamea vizuri. Lakini hata ukiacha hizo 6 tu zikae nyasi nene ambazo unakata za ng'ombe bila kulima, maji yanapopita humo yanapunguza mwendo na mchanga pamoja na tope zito vinabaki. Mfinyanzi laini utapita, ndio maana nyasi za kando haziwezi kusahihisha shamba la juu.

Na kwa wale wenye bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu, hii inawahusu mara mbili. Bwawa lile linahifadhi maji katikati ya chembe za mchanga. Mchanga mkubwa ukijaa, vizuri, ndio mpango. Tope la mashamba likijaa, vile vitundu vinaziba na mnabaki na ukuta mzuri wa simenti wenye matope nyuma yake, na hakuna kulizoa. Bwawa la Masinga nalo, lililokamilika 1981 kwa mto Tana, limekuwa likipokea udongo mwingi kuliko waliouhesabu wakati wa kuijenga, na kulizibua bwawa la ukubwa ule si mchezo.

Ratiba ya mwaka kwa ufupi

Agosti na Septemba: kata mbaazi, laza mabua, pasua mistari kwa ripa au fungua mashimo, weka samadi, toa udongo kwa mitaro na uurudishe juu ya tuta. Oktoba: panda mvua ikikaribia, hesabu mafundo ya kamba. Novemba: chupa, na uzunguke baada ya kila mvua kubwa na jembe mkononi uzibe tuta lililopasuka siku hiyohiyo, kesho itakuwa shimo. Desemba na Januari: kwangua magugu, kata nyasi za matuta. Februari: vuna mahindi, acha mbaazi zisimame, na usiite plau. Machi mvua ndefu zikija panda ndengu au kunde katikati kwenye mistari ileile, na kama umebaki na nguvu huo ndio wakati wa kujazia nyasi pale zilipokufa.